Adesi Zimechukua Nafasi ya Nini?

Lishe za kupunguza uzito na kushusha sukari zimekuwa nyingi kiasi kwamba mgonjwa akiingia kwa mtaalamu siku hizi huja na orodha mbili au tatu zinazopingana. Moja inafukuza wali. Nyingine inafukuza nyama. Ya tatu inaruhusu siagi na kukataza ndizi. Kila moja ina watetezi wake, vitabu vyake na picha zake za mtu aliyepungua kilo 30. Katikati ya ubishi huo, ninapotaka kuipima lishe yoyote, huiuliza maswali mawili: adesi unaziweka wapi, na unataka zichukue nafasi ya nini kwenye sahani?

Nazungumzia zile punje ndogo bapa, nyekundu zilizokobolewa au za kahawia zenye maganda, zinazopikwa supu na mchuzi kuanzia Unguja na Mombasa hadi Muscat. Dengu za duara zinazolimwa Shinyanga na Simiyu ni ndugu zao, na choroko vilevile, na mengi nitakayosema yanazihusu zote.

Msimamo wangu ni huu: adesi peke yake haimnenepeshi mtu wala haimkondeshi, haimtibu sukari wala haimpandishi presha. Kinachoamua ni chakula kilichoondoka ili adesi zikae. Lishe inayolijua hilo ni lishe iliyofikiriwa. Inayolikwepa, mara nyingi imejengwa juu ya hadithi.

Kilichomo ndani ya kikombe

Kikombe kimoja cha adesi zilizoiva, yaani gramu 200 hivi, kina takriban kalori 230, protini gramu 18, wanga gramu 40 na mafuta yasiyofika gramu moja. Katika wanga huo, gramu 15 hadi 16 ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Kikombe hichohicho kina madini ya chuma miligramu 6 na ushee, potasiamu miligramu 730 hivi, na foleti mikrogramu 358, karibu asilimia 90 ya mahitaji ya siku ya mtu mzima. Foleti ndiyo vitamini inayokinga kasoro za uti wa mgongo wa mtoto akiwa tumboni, na kwa mwanamke anayetarajia kupata mimba hilo si jambo dogo.

Sasa chukua kikombe cha wali mweupe. Kalori zake ni 205, wanga gramu 45, protini gramu 4, nyuzinyuzi hazifiki hata gramu moja. Kwa kalori na wanga, vikombe hivi viwili vinakaribiana sana. Kwa protini na nyuzinyuzi, vimeachana mbali.

Hapa ndipo mezani kwetu panapotokea kosa. Sisi tunagawa mlo katika sehemu mbili: chakula na mboga. Wali, ugali, ndizi na muhogo ni chakula. Nyama, samaki, mchicha na adesi ni mboga. Kwa kuwa adesi zimewekwa upande wa mboga, mtu hujaza sahani ya wali kama kawaida, kisha anamwagia adesi juu. Anaamini amekula vizuri, kumbe amekula wanga mara mbili. Adesi zina miguu pande zote mbili: ni mboga kwa protini yake na ni chakula kwa wanga wake. Zikiingia, lazima sehemu ya wali itoke.

Kwa mwenye kisukari

Mwaka 1981 mtafiti David Jenkins na wenzake walichapisha kipimo kinachoonyesha jinsi vyakula mbalimbali vinavyopandisha sukari ya damu vikilinganishwa na glukosi, ambayo yenyewe imepewa alama 100. Chakula kilicho chini ya 55 huhesabiwa kuwa cha kupandisha polepole. Adesi huangukia 30 hivi. Wali mweupe, kutegemea aina na namna ulivyopikwa, mara nyingi huvuka 60.

Sababu iko katika maumbile ya punje. Wanga wa adesi umefungwa ndani ya kuta ngumu za chembe, umechanganyika na protini, na vimeng'enya vya tumbo vinachukua muda kuufikia. Kiasi kingine hakisagwi kabisa. Kinashuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria hukichachua na kutoa asidi zinazousaidia mwili kuitumia sukari vizuri zaidi. Mwaka 1982 kundi hilohilo la Jenkins lilionyesha jambo ambalo hadi leo halijafika masikioni mwa wagonjwa wengi: waliokula adesi asubuhi, hata baada ya mlo wa mchana uliofuata saa 4 baadaye, sukari yao ilipanda kwa kiasi kidogo kuliko ya waliokula mkate wa ngano nzima. Kifungua kinywa kilikuwa kinawalinda kwenye mlo uliofuata.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, la mwaka 2018, kwa sababu linafanana na sahani zetu. Watu wazima 24 wenye afya walipewa wali mtupu siku moja. Siku nyingine nusu ya wali ikaondolewa na kuwekwa adesi. Sukari iliyoingia kwenye damu ilipungua kwa takriban asilimia 20. Walipofanya hivyo kwa viazi, ilipungua kwa takriban asilimia 35. Angalia kilichofanyika: hawakuongezewa adesi juu ya wali. Walipunguziwa wali kwanza.

Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, Jenkins alichapisha utafiti mwaka 2012 ukihusisha watu 121. Waliokula angalau kikombe kimoja cha jamii ya kunde kila siku kwa miezi 3 walishusha kipimo chao cha wastani wa sukari, kile kinachoitwa HbA1c, kwa nusu asilimia. Kundi lililoongeza nyuzinyuzi za ngano nzima lilishusha kwa asilimia 0.3. Nusu asilimia haimfanyi mtu atupe dawa, lakini kwa chakula kinachouzwa kwa vibaba sokoni, ni faida ya kuishukuru.

Lishe ya Mediterania na lishe ya presha

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia lishe ya Mediterania hufikiria mafuta ya zeituni na samaki wa bei ghali, akaamua kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Lakini wakulima wa Krete ambao mtafiti Ancel Keys aliwafuatilia katika utafiti wake wa nchi saba ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa watu wa kawaida. Nyama kwao ilikuwa ya nadra, na nafasi yake ilishikwa na kunde, dengu, adesi, mboga za majani na mkate. Katika jaribio kubwa la PREDIMED lililofanyika Hispania kwa watu zaidi ya 7,000, waliopangiwa lishe hiyo walishauriwa kula jamii ya kunde angalau mara 3 kwa wiki. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2013 ilibidi iondolewe kwa sababu ya dosari katika kugawa makundi, ikachapishwa upya mwaka 2018 baada ya hesabu kurudiwa. Hitimisho likabaki palepale: mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vya magonjwa hayo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa takriban asilimia 30.

Kwa hiyo katika lishe hii adesi zinachukua nafasi ya nyama nyekundu, na hiyo ni njia mojawapo ya moyo kunufaika. Mafuta mazito yanatoka, nyuzinyuzi zinaingia, na lehemu mbaya inashuka. Uchambuzi wa majaribio 26 uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba kula takriban gramu 130 za jamii ya kunde kwa siku kunashusha lehemu hiyo kwa asilimia 5.

Lishe ya DASH, iliyopimwa Marekani na matokeo yake kutolewa mwaka 1997 kwa ajili ya wenye shinikizo la damu, nayo inaziita adesi mezani: sehemu 4 hadi 5 kwa wiki za karanga, mbegu na jamii ya kunde, na sehemu moja ya kunde zilizoiva ni nusu kikombe. Sababu ni potasiamu, magnesi na nyuzinyuzi. Lakini hapa nawasihi wapishi. Adesi zinapotoka sokoni karibu hazina sodiamu kabisa, miligramu 4 tu kwa kikombe. Chumvi yote iliyomo kwenye supu yako umeitia wewe, na mara nyingi imeingia mara mbili: kijiko cha chumvi, kisha kikolezo cha pakiti ambacho kwa sehemu kubwa ni chumvi pia. Mgonjwa wa presha anayekula adesi za namna hiyo ameipoteza faida kabla ya sufuria kushuka jikoni. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari, giligilani na ndimu vinatosha kuipa supu ladha.

Kwa wasiokula nyama

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba binadamu anaweza kuishi vizuri kwa adesi bila nyama. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia wana siku za mfungo zaidi ya 180 kwa mwaka, na siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Mchuzi mzito wa adesi nyekundu uliopikwa kwa pilipili ya berbere, unaoitwa misir wot, ukiliwa kwa injera, ndio umekuwa mhimili wa meza zao kizazi baada ya kizazi.

Protini ya adesi ina upungufu mmoja: ina lisini nyingi lakini methionini ni haba. Nafaka ziko kinyume. Ndiyo maana wali na adesi, au ugali na kunde, vinakamilishana, na wala si lazima viliwe katika mlo mmoja, mradi vyote vimeliwa siku hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni chuma. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, na sisi tunakitia pingu nyingine: chai. Tanini za chai zikikutana na chuma tumboni, kinashikwa na kupita bila kuingia mwilini. Mwanamke mwenye upungufu wa damu anayekula adesi kisha akateremshia chai ya rangi papo hapo anajinyima chuma alichokinunua. Chai isubiri saa moja au mbili. Badala yake akamulie ndimu juu ya adesi, au ale chungwa au kipande cha papai, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Na anayeacha kabisa vyakula vya wanyama akumbuke kwamba adesi hazina vitamini B12. Hiyo itafutwe kwenye vyakula vilivyoongezewa virutubisho au kwenye vidonge. Hapa adesi hazina uwezo wa kuchukua nafasi ya samaki, na anayesema zinaweza anawadanganya watu.

Keto na ile inayoitwa lishe ya mababu

Lishe ya keto inazikataa adesi, na inazikataa kwa hesabu. Ilibuniwa mwaka 1921 na Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na lengo lake ni kuubana mwili uchome mafuta badala ya sukari. Ili hilo litokee, wanga wa siku nzima hubanwa kati ya gramu 20 na 50. Kikombe kimoja cha adesi, hata ukitoa nyuzinyuzi, kina wanga gramu 24 hivi. Kimemaliza posho ya siku, au karibu yake. Hivyo aliye kwenye keto kamili, hasa kwa sababu ya tiba na chini ya daktari, anaweza kubaki na vijiko viwili vitatu tu, au aziache.

Ninachopinga ni pale mtu anapobana wanga kidogo tu, akala mayai, nyama na siagi, akakatazwa adesi eti zinanenepesha, huku soda bado anakunywa Jumapili. Huyo hayuko kwenye keto. Kwake adesi zingechukua nafasi ya mkate na chapati, na angekuwa amepiga hatua ya kweli.

Lishe ya mababu, iliyosambazwa sana na kitabu cha Loren Cordain cha mwaka 2002, inazikataa adesi kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba binadamu wa kale, kabla ya kilimo, hakula jamii ya kunde. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza masalia ya vyakula vilivyoungua katika pango la Shanidar, Iraki, na pango la Franchthi, Ugiriki, waliripoti punje za jamii ya kunde za porini zilizorowekwa na kupondwa. Baadhi ya masalia ya Shanidar yana umri wa takriban miaka 70,000, enzi za Neanderthal. Walizirowesha kabla ya kuzipika, kama tunavyofanya leo.

Hoja ya pili ni lektini na faiteti, kemikali zinazodaiwa kuudhuru utumbo na kuiba madini. Lektini huharibiwa na maji yanayochemka, na hakuna anayekula adesi mbichi kavu. Faiteti hupungua kwa kuroweka na zaidi kwa kuotesha. Kwa mtu anayekula mchanganyiko wa vyakula, hiyo si sababu ya kuacha chakula chenye faida nyingi kiasi hiki. Keto inakataa kwa sababu inayopimika. Hii inakataa kwa sababu iliyokwisha kujibiwa.

Kufunga, na kujenga misuli

Kufunga kwa vipindi kumepata wafuasi wengi Tanzania, na sauti ya Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo, imechangia sana watu kujiuliza kama kweli wanahitaji milo mitatu. Lishe hii inahesabu saa, haichagui chakula. Kwa hiyo mtu anaweza kufunga saa 16 na kufungulia chipsi na soda, akashangaa mizani haisogei. Bakuli la supu ya adesi mwanzoni mwa mlo linajaza tumbo mapema kwa protini na nyuzinyuzi, na linapunguza nafasi ya vyakula vya kukaanga. Oman na nchi za Ghuba shorba ya adesi ni kitu cha kawaida kwenye futari ya Ramadhani. Kwenye futari zetu za pwani, ambako muhogo, magimbi, tambi na kaimati hukutana, bakuli hilo lingefaa litangulie, na kimoja cha hivyo vya wanga kibaki jikoni.

Kwa kijana wa mazoezi nasema ukweli. Gramu 100 za kifua cha kuku kilichoiva zina protini gramu 31 kwa kalori 165. Kuipata protini hiyo kwa adesi kunahitaji gramu 340 zilizoiva, kalori karibu 400 na wanga gramu 68. Anayetaka kuongeza mwili atafurahi. Anayetaka kukausha mwili ahesabu adesi kama wanga wake, kisha atie yai au samaki pembeni.

Ambao lazima waangalie

Mwenye tumbo linalojaa gesi na kukaza mara kwa mara anaweza kuwa mmoja wa wanaosaidiwa na lishe ya FODMAP, inayopunguza sukari zinazochachuka haraka utumboni, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Kunde zina sukari hizo, lakini huyeyuka kwenye maji. Aroweke, amwage maji hayo, achemshe, amwage tena, kisha aanze na robo kikombe.

Mgonjwa wa figo aliyeambiwa abane potasiamu asijipangie mwenyewe. Aende na swali hili kwa daktari na mtaalamu wa lishe wake, kwa kuwa jibu linategemea vipimo vyake vya damu.

Kuhusu jongo, wengi wamekatazwa maharage na adesi kwa miaka. Utafiti wa Hyon Choi na wenzake wa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulikuta nyama na vyakula vya baharini vinaongeza hatari ya jongo, huku mboga zenye purini, zikiwemo jamii ya kunde, haziongezi. Mgonjwa wa jongo anayeacha adesi na kubaki na nyama choma amebadilisha kisicho na hatia kwa mhusika mwenyewe.

La kufanya nyumbani

Adesi nyekundu hazihitaji kurowekwa. Zioshe hadi maji yatoke safi, zichemshe dakika 15 hadi 20, engua povu. Za kahawia zinataka dakika 30 au zaidi. Nyanya na ndimu zitie mwishoni, kwa sababu asidi huzifanya punje zichelewe kuiva. Nazi ikipungua, ladha haitakufa.

Na kwa kuwa adesi nyingi sokoni kwetu zinaagizwa kutoka nje, bei ikipanda usizisubiri. Choroko, kunde, dengu na mbaazi zinafanya kazi ileile mwilini. Mwaka 2017 wakulima wa mbaazi wa Tanzania waliona bei ikiporomoka baada ya India kubana uagizaji, wakabaki na magunia. Tungekuwa na desturi ya kuzila kwa wingi sisi wenyewe, soko la kwanza lingekuwa jikoni mwetu.

Basi leo jioni pakua nusu ya wali uliouzoea, jaza nafasi iliyobaki kwa adesi, weka mchicha pembeni, na chai iache kwanza. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, pima sukari yako siku za mwanzo na mjulishe daktari, kwa sababu mlo ukibadilika, huenda kipimo cha dawa nacho kikahitaji kubadilishwa.